Nimeandikisha kaya za CHF Rungwe, bima ya hiari naijua

Mkuu, umeuliza kwa nini serikali itulazimishe bima wakati kila mtu anaweza kujikatia ya kampuni aipendayo. Nitakujibu kwa niliyoyaona. Miaka miwili nilikuwa afisa mwandikishaji wa CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, bima ya hiari ya kaya, katika kijiji kimoja Rungwe mkoani Mbeya, huku kwenye viazi na baridi.

Kazi yenyewe ilikuwa kupita kaya kwa kaya na simu mkononi, unapiga picha kila mwanakaya, unapokea shilingi 30,000. Hiyo ilibeba watu sita mwaka mzima, kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Nilikuwa nawafuata wakishauza viazi, maana kabla ya hapo hela haipo. Jibu lilikuwa lilelile: "Mwanangu, kwangu hakuna mgonjwa. Akipatikana nitakuita."

Na kweli waliniita. Siku moja alfajiri mzee mmoja kanipigia. Nikamkuta mkewe amelala mkekani karibu na moto, miguu imevimba, bodaboda ya mtoto wao inanguruma mlangoni, na mzee ameikunja ile 30,000 kiganjani. Picha ya yule mama niliipiga binti yake akiwa amemshikilia kichwa ili uso uonekane.

Mwisho wa mwaka orodha yangu ilijaa wa presha, wa sukari na wazee. Vijana wazima wanaouza gunia arobaini kwa msimu hawamo. Mfuko wa namna hiyo utanunua dawa kwa hela ipi? Unaandikiwa dawa zahanati, halafu unaambiwa ukanunue duka la barabarani. Jirani akiona hivyo naye hakati tena, na simlaumu.

Ndiyo maana Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 naiunga mkono, hasa hilo neno lazima linalokuudhi. Watumishi wa umma wako NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, kwa lazima tangu 2001: mshahara unakatwa asilimia 3, mwajiri anaongeza 3, mzima na mgonjwa wote wamo. Na wasiojiweza kabisa lazima serikali iwalipie, hapo sina mjadala.

Za binafsi nazijua pia. Shemeji yangu Mafinga alikuwa na kadi nzuri ya kampuni ya mbao, akiugua analazwa chumba cha peke yake. Alipofika miaka 60 kazi ikaisha, kadi nayo ikaisha, na presha aliipata akiwa kazini. Alikokwenda kujikatia mwenyewe wakamtajia umri wake. Biashara ndivyo ilivyo, mgonjwa mzee ni hasara.

Mnaosema basi iwe bure kama Uingereza: wale wanaendesha NHS, huduma yao ya afya ya taifa, kwa kodi tangu 1948. Sisi pia tulitibiwa bure hospitali za serikali, hela haikutosha, uchangiaji ukaanza 1993. Mkulima wa viazi hana mshahara wa kukatwa kodi kila mwezi, kwa hiyo akatwe msimu wa mavuno, hela ikiwa mkononi.

Yule mama alilazwa siku tisa hospitali ya mkoa, akarudi anatembea. Mwaka uliofuata mzee alilipa bila kufuatwa. Ila yule mtoto wao wa bodaboda, ambaye ana mke na watoto wake nyumba ya pili tu, mpaka naacha ile kazi alikuwa bado ananiambia atanipigia.