Ua la dirishani Hamburg, kwao Usambara

SWALI: Habari za kazi jamani. Mi mzaliwa wa Lushoto ila saizi nipo Ujerumani, Hamburg, nafanya uuguzi. Bibi mmoja jirani kanipa kikopo cha ua la zambarau, majani yana vinyweleo laini, akasema linaitwa Usambaraveilchen, yaani vayoleti ya Usambara kwa Kijerumani. Nikamwambia Usambara ndo kwetu, akabaki kaduwaa! Lakini mbona kwetu sijawahi kuliona hata siku moja? Halafu nikilimwagilia majani yanatoka mabaka, nakosea wapi?

JIBU: Dada, bibi hajakudanganya, ni la kwetu kabisa. Mwaka 1892 ofisa mmoja wa ukoloni wa Kijerumani huko Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alimtumia baba yake ua hili Ujerumani, likafika kwa Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen kule Hannover, naye 1893 akalipa jina Saintpaulia ionantha. Yaani Washambaa wamelipita msituni enzi na enzi, jina akachukua ofisa, haya bwana. Siku hizi wataalamu wamelihamishia kwenye kundi la mimea (jenasi) linaloitwa Streptocarpus. Na ile vayoleti, ua la Ulaya walilolifananisha nalo, wala si ndugu yake, rangi tu. Miaka ya 1920 Wamarekani wa California wakaanza kulizalisha kibiashara, ndo maana saizi liko madirishani dunia nzima.

Wewe hujaliona kwa sababu haliko uani kwa mtu wala kando ya barabara, linakaa kwenye miamba yenye kivuli na unyevu ndani ya msitu, na kila aina ina kakipande kake kadogo tu. Mengi yako Usambara Mashariki, Amani na kwingine, mengine kwenye mawe ya chokaa karibu na Tanga mjini, Nguru, Uluguru, hadi Kenya kule Mbololo, Taita. Hata wilayani kwenu lipo, kuna aina ya Shume inayoitwa shumensis. Ila miti ikikatwa jua linapiga jiwe moja kwa moja, basi limekwisha.

Sasa mabaka. Hapo ni maji ya baridi ya bomba la huko, yakigusa jani lenye joto la ndani linapata mabaka na hayafutiki tena. Tumia maji ya vuguvugu, mimina kwenye kisahani cha chini, liache linywe kama nusu saa kisha mwaga yaliyobaki, maana likikaa na miguu majini mizizi inaoza. Liweke dirishani penye mwanga lakini sio jua kali, kumbuka kwao ni chini ya miti. Ukitaka mengine, kata jani zima na kikonyo chake uchomeke kwenye udongo mwepesi wenye unyevu, baada ya wiki kadhaa vinatoka vichanga pale chini.

Na ukija likizo panda Shume na mtu anayeujua msitu ukalione, ila using'oe, we piga picha umpelekee bibi.