Kabla hujabishana siasa na shemeji, isome hulka yake

Mwaka 2021, wamachinga walipoondolewa kwenye njia za waenda kwa miguu hapa Dar, ukoo wetu uligawanyika, na kadi za chama hazikuhusika. Shemeji yangu, mtu anayepiga pasi mpaka soksi, alifurahi kwamba sasa kunapitika. Mama mdogo akanuna, akiwafikiria waliochukua mkopo juzijuzi. Na wote ni chama kimoja!

Wanasaikolojia wengi hupima hulka kwa mambo matano: udadisi wa mapya, utaratibu, uchangamfu, upole na wepesi wa kuingiwa na wasiwasi. Marekani na Ulaya imeonekana mara nyingi kwamba wadadisi huelekea mrengo wa kushoto, yaani waliberali wapenda mabadiliko, na wapenda utaratibu huelekea wa kulia, yaani wahafidhina wanaoshikilia mazoea. Upole ndio ulionivutia zaidi, maana una pande mbili. Watafiti wa Toronto walionyesha mwaka 2010 kuwa huruma huendana na uliberali, ilhali adabu na heshima huendana na uhafidhina.

Basi shemeji simwendei na machozi ya wamachinga. Namuuliza huko wanakopelekwa vizimba vitagawiwaje, vyoo viko wapi, daladala zitashushia wapi abiria. Hapo anavuta kiti, na mara nyingi ni yeye anayeanza kuona mpango una matundu. Mama mdogo namtajia mtu wa kiti cha magurudumu anayelazimika kushuka barabarani Kariakoo, magari yakimpigia honi, kwa sababu njia imejaa meza. Huruma yake inapata pa kwenda pengine.

Ila usipige ramli. Uhusiano wenyewe si mkubwa, na kushoto na kulia kwa wenzetu hakulingani na chama tawala na upinzani hapa kwetu, ambako wengine hurithi chama kwa baba na wengine hukifuata kwa ajili ya riziki. Wataalamu nao huteleza: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2012 ulisahihishwa 2016, baada ya kugundulika kwamba majibu yaliingizwa kinyume, hata sifa za wahafidhina zikawa zimebandikwa waliberali. Nilicheka peke yangu kwenye mwendokasi.

Na kamwe usimwambie mtu, "Huna hoja, hiyo ni hulka yako tu." Kaka yangu alimwandikia hivyo shemeji kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. Shemeji akajitoa, na mpaka leo michango ya harusi tunamdai kwa kumpigia simu.