Shangazi, kuku wangu wameisha, nijaribu tena au niache?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mi ni mama wa watoto wawili, naishi Kibaha. Mwezi wa tatu nilichukua mkopo kwenye kikoba nikaingiza vifaranga 300 wa nyama, nikawalea vizuri tu, usiku silali nahangaika na jiko la mkaa wasipigwe baridi. Siku ya 14 nikanunua chanjo ya ule ugonjwa wa kuku wa Gumboro, nikaitia kwenye mkoba nikapanda daladala, jioni nikawachanganyia na maji ya bomba nikawaachia mpaka asubuhi. Siku ya 23 wakaanza kuzubaa, manyoya yamesimama, wanaharisha uharo mweupe, ndani ya siku tano nimezika 211. Jirani anasema ni kijicho, shemeji kaniambia mbele za watu nirudi kwenye vitumbua vyangu. Deni bado nalipa. Natamani kujaribu tena ila nikifungua lile banda nalia. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Kuku 211 kuzika kwa mikono yako ni msiba, lia tu, usione aibu.

Barua yako nimeisoma mara tatu na nimeona jibu umeliandika mwenyewe humo ndani, ila umelipita mbio kukimbilia maneno ya shemeji. Rudi pale kwenye mkoba. Chanjo ya Gumboro ya kunywesha ni kirusi hai kilichopunguzwa makali, kinataka ubaridi wa nyuzi 2 mpaka 8 toka dukani hadi bandani, sasa wewe umekaa nacho kwenye daladala na joto la Pwani lile, halafu ukakitia kwenye maji ya bomba yenye dawa ya klorini ambayo kazi yake ni kuua vijidudu, halafu ukawaachia usiku kucha wakati maji ya chanjo yanatakiwa yaishe ndani ya kama masaa mawili hivi. Kwa dalili ulizotaja naona kabisa ni Gumboro, na kuku wako ni kama hawakuchanjwa. Hakuna aliyekuroga mama.

Na wala sikulaumu, maana najua mazoea yanatoka wapi. Ile chanjo ya kideri, ugonjwa mwingine wa kuku, inayoitwa I-2 na inayotengenezwa hapohapo kwenu Kibaha inavumilia joto kidogo, watu wameizoea, basi wanabeba kila chanjo kama ile.

Huyo jirani wa kijicho ndio ananitia wasiwasi kuliko shemeji. Shemeji kakuumiza, ila jirani anakunyang'anya somo ulilolilipia kwa hela ya mkopo, maana ukishakubali ni kijicho utaenda kwa mganga kutafuta kinga ya banda na mkoba wako utaubeba vilevile. Nasema hivi kwa sababu yalinikuta. Nilikuwa na genge la vyakula likafa, miaka miwili nikawa naimba kwamba watu wa mtaa ule wana roho mbaya hawalipi madeni. Siku moja nikalitoa daftari la mali kauli chini ya godoro nikakaa nalo na kibatari, ukurasa kwa ukurasa, nikakuta karibu nusu ya madeni ni mimi mwenyewe, sukari ya nyumbani, mchele wa nyumbani, nauli, mwandiko wangu kabisa. Nilikaa pale mpaka mafuta yakaisha. Duka nililonalo leo, hata kiberiti nikichukua nalipa.

Kwahiyo nunua daftari, andika siku ya kwanza mpaka ya 28, ulifanya nini, saa ngapi, walikula nini, walikufa wangapi. Utalia tena, andika tu.

Banda usiliharakishie kabisa, kirusi cha Gumboro ni kigumu kinakaa miezi. Toa maranda yote uyachome, osha vyombo, piga dawa, uliache wazi lipumzike na umwite bwana mifugo alione. Kwenye kikoba nenda mwenyewe ukawaambie kilichotokea kabla hawajasikia kwa watu, omba muda, vitumbua endelea navyo vilipe deni, ni kazi ya heshima hiyo hata kama shemeji aliitaja kwa dharau. Deni likipungua ingiza 50, sio 300. Chanjo ibebe kwenye kifuko cha barafu, tumia maji ya kisima safi yasiyo na dawa, asubuhi wanyime maji kwanza kwa muda wa kama saa moja na nusu hivi ndo uwape ya chanjo, ratiba akupangie bwana mifugo. Akifa hata mmoja mpeleke kwa daktari wa mifugo apasuliwe bado mbichi, usizike kwanza.

Ukishawachanja niandikie mwanangu, uniambie yale maji waliyamaliza saa ngapi.