Kuchemsha si jibu kila mara
Kwa nini mkemia anayetafuta dawa kwenye mmea asichemshe tu majani, kisha apime kilichomo? Kuchemsha kwenyewe kunaweza kuiharibu dawa! Ndipo alipokwama Tu Youyou, mtafiti wa dawa wa China, na mmea wa artemisia: mara ulidhibiti malaria, mara haukufanya kitu. Mwaka 1971 akaacha moto, akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi 35 hivi, na dawa ikatoka nzima. Molekuli ya artemisinini, yaani dawa hiyo ya mmea, ina atomi mbili za oksijeni zilizoshikana kwa kiungo dhaifu. Joto kali linaweza kukivunja, na bila kiungo hicho vimelea vya malaria havifi. (Tu alipata Tuzo ya Nobel 2015, miaka 44 baada ya jaribio hilo.) Halafu artemisinini haiyeyuki vizuri kwenye maji, kwa hiyo hata chai ya majani hayo hubeba kidogo tu.