Mhasibu wa Miaka 34 Anayetaka Udaktari wa Meno: Aanze na Lipi?

Dada mmoja ametuandikia kutoka Mwanza. Ni mhasibu, ana miaka 34, kidato cha sita alisoma ECA (uchumi, biashara na uhasibu), na barua ya kuacha kazi ameshaiandika ili akasomee udaktari wa meno. Anauliza kama amechelewa. Dada yetu, hujachelewa. Ila barua hiyo ifungie kabatini kwanza, kwa sababu wengi wa rika lako wanaokwama katika safari hii hukwama kwa kuanza na hatua ambayo ilipaswa kuwa ya mwisho.

Anza na vyeti. Shahada ya udaktari wa meno, ile wanayoiita DDS pale Muhimbili, ni miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa intani, yaani mazoezi ya kazi hospitalini chini ya usimamizi. Wanaotoka kidato cha sita huingia kwa fizikia, kemia na baiolojia, masomo yote matatu yakiwa na alama kati ya A na E, na jumla isiyopungua pointi 6. Hesabu ni A pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1, S haihesabiki. Alama inayotakiwa kwa kila somo isome katika kitabu cha mwongozo cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) cha mwaka unaoomba, usitegemee picha ya zamani inayozunguka WhatsApp. Na pointi 6 zinakupa ruhusa ya kuomba tu. Kuomba na kupata ni mambo mawili, maana nafasi ni chache na wenye alama za juu wanaziwania. Shahada ya uhasibu, hata ikiwa ya daraja la kwanza, haizibi pengo la kemia.

Njia ya pili ni stashahada ya utabibu wa meno, miaka mitatu, chini ya NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi. Hapa wanataka matokeo ya kidato cha nne: ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo fizikia, kemia na baiolojia. Ukimaliza kwa wastani wa B au GPA ya 3.0, unaweza kuomba DDS.

Kuna mtego katika njia hii, na umewanasa watu wengi. Kuingia stashahada, hisabati na Kiingereza vinahesabiwa kama nyongeza nzuri tu. Kuingia DDS kwa stashahada hiyo, wanakudai walau D ya kidato cha nne katika hisabati, Kiingereza, fizikia, kemia na baiolojia. Mtu anasoma miaka mitatu, anatoka na GPA nzuri, halafu F ya hisabati aliyoipata akiwa na miaka 17 inamsimamisha mlangoni. Kama unayo F hiyo, irisiti sasa. Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea wa kidato cha nne hufanyika mwanzoni mwa mwaka na mtihani ni Novemba, kwa hiyo unaweza kuufanya ukiwa bado kazini. Waliochukua mchepuo wa biashara na kuacha fizikia na kemia baada ya kidato cha pili, nao waanzie hapo hapo.

Sisi tunampendekezea mtu wa miaka thelathini na kitu aliyesoma sanaa au biashara apite stashahada. Kusoma PCB (fizikia, kemia na baiolojia) ya kidato cha sita nje ya shule ni miaka miwili ya kujisomea usiku, na ukikosa alama unabaki na karatasi isiyokulisha. Mwenye stashahada anatoka na kazi mkononi: anang'oa, anaziba, anasafisha meno, anaajirika. Ada ikikwama katikati ya safari, ana mahali pa kushika.

Ukiamua PCB, usichague kituo cha mtihani kwa ukaribu wake na nyumbani. Uliza maabara kwanza, kwa sababu masomo yote matatu yana mtihani wa vitendo. Watahiniwa wa kujitegemea huwa na nadharia nzuri tu, kisha wanaangushwa na bureti, mrija wa kupimia kimiminika, ambayo hawajawahi kuishika: wanasoma wakiwa wamesimama juu yake badala ya kulinganisha jicho na kimiminika, au wanaandika 23 pale inapotakiwa 23.40. Lipia vipindi vya maabara, hata vya Jumamosi tu, kwa miezi kadhaa.

Sasa pesa. Miongozo ya Bodi ya Mikopo ya miaka ya karibuni inataka mwombaji awe na umri usiozidi miaka 35, asiwe na ajira inayomwingizia kipato, na awe amehitimu kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano iliyopita. Piga hesabu mwenyewe: ukianza stashahada ukiwa na 35, utaomba DDS ukiwa na 38. Panga kana kwamba bumu, yaani huo mkopo, halipo. Hesabu kwa semista na siyo kwa mwezi, maana ada inadaiwa kwa mkupuo na ndipo watu wazima wanapoumbuka. Weka humo kodi, chakula, bima, vitabu, vifaa na nauli za mafunzo ya nje ya chuo. Masomo haya hayana darasa la jioni. Kliniki ni mchana, Jumatatu hadi Ijumaa. Mhasibu ana bahati moja: kufunga hesabu za maduka madogo mwisho wa mwezi ni kazi ya wikendi. Katika miaka miwili ya mwanzo, ya anatomia, fiziolojia na biokemia, hata hiyo ipunguze, kwa sababu sapu (mitihani ya kurudia) ndizo zinazozaa kudisko, yaani kuondolewa chuoni.

Wengi wanaotoka ofisini huogopa vitabu na kusahau mikono. Chukua kazi ndogo ya kupima umbo la taya kwa aljineti, unga unaochanganywa na maji ukaganda. Unga unasawazishwa kwenye kijiko chake, maji yanapimwa kwa kipimo chake, unakoroga kwa kuukandamiza mchanganyiko kwenye ukuta wa bakuli hadi uwe laini, chini ya dakika moja. Maji ya bomba ya Dar mwezi Machi ni ya moto kiasi kwamba aljineti inaganda kabla haijafika mdomoni, kwa hiyo tumia maji yaliyopozwa. Ukichelewa, umbo la taya linatoka na mikunjo na mgonjwa anafunguliwa mdomo upya. Meno ya juu nayo unayaona kwa kioo, kushoto kukiwa kulia. Zoezi lake unaweza kulianza leo: simamisha kioo mezani, ziba karatasi usiione moja kwa moja, chora nyota kwa kutazama kioo tu. Dakika kumi kila siku.

Ukikaribia 40, jicho linaanza kukataa vitu vya karibu. Umbali kutoka jicho hadi jino ni takriban sentimita 40. Mweleze mpima macho umbali huo, usinunue miwani ya kusomea ya barabarani. Chanjo ya homa ya ini B ianze sasa hivi: dozi ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa sita tangu ya kwanza, kisha kipimo cha kinga mwezi mmoja au miwili baadaye. Kinga hupanda kwa shida kadiri umri unavyosonga, na mkono wako utashinda kwenye damu na mate ya watu.

Tumechoka kusikia watu wazima wakiambiwa watamaliza wakiwa mabibi na mababu. Umri una faida yake: kila mwanafunzi wa kliniki ana idadi ya wagonjwa anaotakiwa kuwamaliza, na mgonjwa wa meno ya bandia asiporudi, kazi yako inabaki nusu. Mtu mzima anayejua kupiga simu, kukumbusha miadi na kumtuliza mama mwenye hofu ya sindano huwamaliza mapema. Ukubwa wako uache hapo hapo kliniki: kwenye kikundi cha kujisomea, mwenye miaka 21 ndiye mwalimu wako wa biokemia.

Intani ni miezi 12, kwa usajili wa muda wa Baraza la Madaktari Tanganyika, na kituo kinaweza kuwa mbali na watoto wako. Mkubaliane mapema na mwenzako nani atabaki nao mwaka huo, na kodi ya nyumba usiilipe kwa mwaka mzima kabla hujajua umepangiwa wapi.