Gitaa la klasiki Mbeya: unapiga muziki wa nani?

Kijana akija kwangu hapa Mbeya na gitaa la nyuzi za nailoni, simwambii anipigie kitu. Namuuliza kwanza anapiga muziki wa nani. Wengi hunionyesha video kwenye simu: mpigaji wa Ulaya ameketi, mguu wa kushoto juu ya kistuli, ukumbi mzima kimya. Halafu linakuja swali lenyewe. Mwalimu, mtu afanye nini mpaka afike pale?

Nikijibu hilo namtaja Julian Bream wa Uingereza. Wapo wenye jina kubwa kumzidi, Andrés Segovia wa Hispania akiwa wa kwanza, ila maisha ya Bream yanamfaa zaidi mtu anayeanzia mahali ambapo hata mlango wa kubisha hodi hauonekani.

Alizaliwa London mwaka 1933. Baba yake alikuwa mchoraji wa kibiashara aliyependa kupiga gitaa la jazi, na ndiye aliyemwanzisha. Alipopata nafasi Royal College of Music alisoma piano na selo (fidla kubwa), maana chuo hakikuwa na darasa la gitaa. Hebu fikiria: chuo kikubwa cha muziki, London penyewe, na gitaa halihesabiwi kuwa chombo cha kusomea. Kijana wa Uyole akilalamika kwamba taasisi ya sanaa ya TaSUBa iko Bagamoyo na chuo kikuu cha Makumira kiko Arusha, namsimulia hilo, kisha namwachia alitafakari. Bream alisimama mbele ya watu katika mji wa Cheltenham mwaka 1947 akiwa na miaka 13, akapiga katika ukumbi wa Wigmore Hall, London, mwaka 1951, kisha akaitwa jeshini akatumikia kwenye bendi ya kikosi cha mizinga. Hela ya kula aliipata redioni na kwenye muziki wa filamu.

Kwa hiyo kazi ya harusi ikija, ichukue. Ya studio, ichukue. Kupiga rithim kanisani Jumapili hakukuharibii mkono, hata kama walimu wenzangu wa klasiki wanakunja uso nikisema hivi. Mpigaji wa kwaya anayeweza kuwafuata waimbaji wanapopandisha sauti katikati ya wimbo bila kumpa taarifa ana sikio ambalo mwenye vyeti anaweza kulikosa. Anachokosa kwa kawaida ni kusoma nota. Nenda kwa mwalimu wa kwaya akufundishe, wala usione haya kuketi na watoto. Na skeli, yaani ngazi za sauti, piga kila siku, taratibu, hata kama zinachosha. Segovia alichapisha mpangilio wake wa vidole kwa skeli mwaka 1953, kijitabu chembamba tu, na mwenyewe alikuwa bado anapanda jukwaani akiwa amevuka miaka 90.

Sasa gitaa lenyewe, maana hapa watu wanapoteza hela. Gitaa la klasiki limetengenezwa kwa nyuzi za nailoni. Nyuzi za chuma zinavuta kwa nguvu kubwa zaidi, na ukizifunga humo, shingo inapinda au daraja linaloshikilia nyuzi linang'oka na kipande cha ubao wa kifuani. Nimeletewa magitaa ya namna hiyo mara nyingi, na kila mara mwenye nalo anasema muuzaji wa nyuzi alimwambia ni zilezile. Si zilezile.

Halafu hali ya hewa yetu. Masika ya Tukuyu yanavimbisha mbao, na upepo mkavu wa Agosti na Septemba unazikausha mpaka zinapasuka. Mwezi wa sita na wa saba baridi ikikaza, kila mtu anasogea kwenye jiko la mkaa, na gitaa linatundikwa ukutani palepale juu ya jiko. Liondoe. Liweke kwenye boksi lake, na kiangazi humo ndani tia kisahani cha sabuni chenye matundu, kikiwa na sponji iliyolowekwa ikakamuliwa vizuri. Bei yake si kitu. Asubuhi za Julai usianze kupiga vidole vikiwa vya ganzi. Vitie kwenye maji ya uvuguvugu kwanza, kisha anza na vitu vyepesi.

Kucha za mkono wa kulia ndizo sauti yako. Anayelima viazi anajua jembe linavyozifanya, basi vaa glavu, na ukizichonga malizia kwa msasa laini kabisa, namba 600 kwenda juu, la sivyo kila noti itakwaruza. Na bodaboda hizi za kushuka Mbalizi, mwambie dereva apunguze. Bream alipata ajali ya gari mwaka 1984 akaumia kiwiko cha mkono wa kulia, mkono uleule wa kucharazia. Alirudi jukwaani, lakini baada ya kazi kubwa ambayo simwombei mtu.

Hayo yote yatakufanya mpigaji mzuri, na wapigaji wazuri duniani ni wengi. Kwa maoni yangu, kilichombeba Bream ni kwamba aliwafuata watunzi akawaomba wamwandikie. Wakati ule muziki mzito wa gitaa ulikuwa mchache, na sehemu kubwa yake ya Kihispania. Malcolm Arnold akamwandikia koncheto, muziki wa gitaa na okestra, mwaka 1959. Benjamin Britten akamwandikia Nocturnal mwaka 1963, kazi ambayo hadi leo mwanafunzi wa gitaa hawezi kuikwepa. William Walton naye akafuata. Watunzi hao hawakuwa wapiga gitaa. Yeye ndiye aliyejua mkono unafika wapi. Baadaye Xuefei Yang, aliyezaliwa Beijing mwaka 1977 na kuwa mpiga gitaa wa kwanza China kuingia chuo cha muziki, alifika Royal Academy of Music London kisha akaanza kuzigeuza nyimbo za kwao ziingie kwenye gitaa. Ukumbi wa London umeshasikia muziki wa Bach, mtunzi wa Kijerumani, wa kutosha. Muziki wa China ndio uliomsubiri yeye.

Sasa tuje kwetu. Iringa kuna ligombo la Wahehe, chombo cha nyuzi kinachosindikiza masimulizi. Ukimpata mzee anayelipiga, kaa naye, usikilize anavyorudia kipande kimoja huku maneno yakibadilika juu yake. Na kwaya zetu, kuanzia Rungwe hadi Njombe, zina walimu wenye makabati yaliyojaa nyimbo walizotunga wenyewe, nyingi kwa solfa (do, re, mi), na hazijawahi kupigwa kwa gitaa peke yake. Mwendee mmoja. Mwombe ruhusa, andika jina lake juu ya karatasi, na hela ikipatikana apate fungu lake.

Kazi inaanza na ufunguo, yaani sauti ambayo doh inakaa. Nyimbo nyingi zimeandikwa doh ikiwa A-flati au E-flati kwa ajili ya waimbaji, na kwenye gitaa hapo vidole vinateseka. Shusha au pandisha mpaka G, A, D au E, ili nyuzi nene zilie bila kubanwa. Usijaribu kubeba sauti zote nne. Shika soprano na besi, ndizo msikilizaji anazozifuata. Alto na tenor ziingie pale tu mkono unapofika bila kuikata sauti ya juu. Mahali kwaya inaposhikilia noti ndefu, gitaa haliwezi, sauti yake inakufa mapema. Hapo ivunje kodi (noti zinazolia pamoja), uipige noti moja moja mpaka neno linalofuata. Ukimaliza, mpelekee mwalimu aliyeutunga, umpigie polepole. Atakuambia wapi umepoteza wimbo wake, na mara nyingi itakuwa ni kwenye pumzi, pale waimbaji wanapovuta hewa na wewe ukapita moja kwa moja.