Karatasi ya 71

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Je, mtengeneza katuni za filamu anayejitegemea anaweza kuishi kwa penseli na karatasi?", limenitonesha kidonda. Mnajua atakayetajwa na kila msomaji: Bill Plympton, yule Mmarekani anayejichorea filamu zake za katuni kwa mkono. Mimi mwenyewe jina hilo nimelitumia miaka mingi kama kufuli. Ndugu wakianza kuniuliza kazi hii itanifikisha wapi, namtaja Plympton, naeleza habari za Oscar, mazungumzo yanaishia hapo.

Na habari zenyewe si za uongo. Mtu wa Portland, Oregon, kazaliwa 1946, akahamia New York na kuchorea magazeti na majarida miaka na miaka. Mwaka 1987, umri umeshafika 40, akatoa Your Face: mwanamume wa suti ameketi anaimba wimbo wa mapenzi kwa dakika tatu hivi, huku uso wake unavutika, unajikunja, unajimeza na kujitapika. Hakuna kingine. Penseli za rangi juu ya karatasi. Hata sauti ya huyo bwana ni ya Maureen McElheron, mwanamke aliyetunga wimbo huo, imepunguzwa kasi mpaka ikawa nzito. Filamu ikateuliwa kuwania Oscar. Baada ya hapo, kama anavyosimulia mwenyewe, Disney walimtaka kwa dola milioni moja hivi, akakataa, kwa sababu hata mawazo ambayo angeyapata nje ya saa za kazi yangekuwa mali yao.

Kwa hiyo nilikaa kuandika "ndiyo, anaweza." Ila kwanza niwaeleze habari ya bibi na kiti.

Nilikuwa na miaka 20 na nilitaka kuwa Plympton. Nikaamua filamu yangu ya kwanza iwe ya bibi anayeinuka kitini kwenda kufungua mlango. Sekunde 14. Filamu hukimbia fremu, yaani picha moja moja, 24 kwa sekunde, na ukipiga kila mchoro picha mbili, kama ilivyo desturi, unahitaji michoro 12 kwa sekunde. Piga hesabu: karatasi 168. Meza yangu ilikuwa kioo cha dirisha kilicholazwa juu ya viti viwili, balbu chini yake, ili mchoro wa nyuma uonekane kupitia wa mbele. Balbu ikikaa muda, kioo kinapata moto, karatasi inaanza kujikunja pembeni, na kiganja kinatoka jasho linaloburuta risasi ya penseli. Nilijifunza kuweka kitambaa chini ya kiganja. Nilijifunza pia kuandika namba kwenye kona ya kila karatasi, na hilo ndilo lililoniponza, kama mtakavyoona.

Mzee hainuki tu, mabwana. Nilimwomba shangazi ainuke nimtazame. Kwanza anajisogeza mpaka ukingoni mwa kiti. Anaweka viganja magotini. Anainamisha kichwa kana kwamba ameangusha sindano, anatulia hapo kidogo, ndipo nyonga zinaachana na kiti, na kichwa kinakuja mwisho kabisa. Safari ya kwanza alicheka. Ya nne akaniuliza, "Mwanangu, kweli umekosa la kufanya?" Huko kutulia kidogo peke yake kulinila karatasi 20, zote zinafanana, zote tofauti. Wiki sita zilipita. Nikaazima kamera, nikapiga mchoro mmoja mmoja usiku ili mwanga wa mchana usinichezee.

Nilipoita watu waione, bibi aliinuka vizuri mpaka katikati, halafu pap! nyonga zikaruka, kama aliyechomwa na kitu kitini. Chumba kizima kikaangua kicheko. Nikazipanga karatasi upya: 69, 70, 72. Ya 71 haikuwepo. Niliikuta kesho yake imebandikwa nyuma ya mlango wa jikoni. Shangazi aliona karatasi yenye namba kwenye kona, akadhani ni ya kuandikia namba, akaandika ya fundi bomba. (Na ya fundi nayo ilikosa tarakimu moja. Bomba lilivuja mwezi mzima.)

Sikumsemesha shangazi kwa siku tatu. Ndipo nikairudia Your Face, safari hii nikitazama fremu kwa fremu, nikaona nilichokuwa sikioni. Michoro ya Plympton ni michache. Mmoja anauacha kwenye skrini muda mrefu kuliko desturi, kisha analeta mwingine, na uso unatetemeka kama unapumua. Pengo nililolililia mimi, yeye kalijaza filamu nzima nalo, na watu wanacheka palepale walipocheka wa kwangu. Ubahili umekuwa mtindo. Hilo nilitembea nalo miaka mingi kama ushahidi kwamba fukara naye ana nafasi kwenye kazi hii.

Leo, kwa sababu yenu, nimechukua kalamu nikapiga hesabu. Plympton ana kanuni zake tatu anazozihubiri: filamu iwe fupi, dakika tano hivi, iwe rahisi, kama dola 1,000 kwa dakika, na ichekeshe. Nzuri. Sasa The Tune, filamu yake ndefu ya 1992, aliichora mwenyewe, michoro karibu 30,000. Tuseme mchoro mmoja ulimchukua dakika 10. Hizo ni saa 5,000, yaani siku 625 za saa nane bila Jumapili. Ndani ya ile dola 1,000, mshahara wa huo mkono uko wapi? Haumo. Mkono ulilipwa na vipande vya filamu hiyo alivyovitoa kwanza kama filamu fupi, na kazi za televisheni na matangazo. Anauza pia michoro yake halisi, na ukienda kutazama filamu yake anakuchorea mbwa kwenye kadi, pale pale, mtu mmoja mmoja mpaka foleni iishe. Huyo haishi kwa penseli. Anaishi kwa kuuza, tena ni muuzaji hodari, na hilo silisemi kwa dharau.

Mtaniambia mbona ana wafuasi. Anao. Signe Baumane alitoka Latvia, akafanya kazi studioni kwake New York, na mwaka 2014 akatoa filamu ndefu yake mwenyewe, Rocks in My Pockets, ambayo haifanani hata kidogo na za mwalimu. Nadhani urithi wa Plympton uko hapo zaidi kuliko kwenye nyuso zinazojikunja: mtu akiona mwenzake anamaliza filamu bila kuomba ruhusa kwa yeyote, hamwigi mkono, anamwiga ujeuri. Lakini ujeuri haulipi kodi ya nyumba, na mimi kodi yangu inalipwa na nembo za maduka ninazochora kwenye kompyuta mchana kutwa.

Kama mnahesabu kura, basi, niwekeni kwenye "hapana", ingawa nilianza barua hii nikiwa "ndiyo". Isipokuwa kwa filamu zisizofika dakika tano. Hizo naomba mnihesabu nusu. Karatasi ya 71 bado ninayo. Shangazi ameniuliza mara mbili kama nishamaliza nayo, maana bomba limeanza tena.